Elimu ya Ujasiriamali: Kijana Anatoka Chuoni na Nia Gani?

Maneno ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa kamati za sharika na wafadhili



Kwa miaka kadhaa nimewaletea taarifa zenye hesabu za aina moja: idadi ya vijana wa vyuo waliohudhuria semina ya ujasiriamali, na idadi ya vyeti. Leo naomba tujiulize swali gumu zaidi. Baada ya semina, kijana anatoka na nia gani?

Mwanasaikolojia Icek Ajzen aliandika mwaka 1991 kwamba nia hujengwa na mambo matatu: mtu mwenyewe anavyoliona jambo, watu anaowajali wanavyolitazama, na imani yake kwamba analiweza. Watafiti wengi wa ujasiriamali vyuoni hutumia kipimo hicho.

Nakiri kwamba semina zetu zimegusa la kwanza tu. La pili liko nyumbani. Mhitimu akisema anataka kufuga kuku, huulizwa: "Tulikusomesha ili uje kufuga kuku?" Nia hufa kabla kifaranga hakijanunuliwa.

La tatu halipatikani kwa kunakili ubaoni. Nchini Uganda, mafunzo yaitwayo STEP, yaliyobuniwa na Chuo Kikuu cha Leuphana cha Ujerumani, huwaweka wanafunzi katika vikundi na kuwapa mtaji mdogo. Kwa wiki 12 huendesha biashara halisi. Watafiti waliowafuatilia walikuta kwamba walianzisha biashara zaidi kuliko wenzao ambao hawakupata mafunzo hayo.

Hata hivyo, tusidanganyane. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu chuo kimoja cha Uholanzi ulionyesha kwamba baada ya mafunzo nia ya wanafunzi ya kuanzisha biashara ilipungua. Waandishi wake walieleza kwamba huenda wanafunzi walianza kuiona hali halisi. Mimi sihesabu hiyo kuwa hasara. Anayegundua chuoni kwamba biashara haimfai amepoteza fedha kidogo. Anayegundua baadaye huenda amekwisha kuuza shamba la mama yake.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Kwanza, kamati ziwaalike wazazi siku moja ya kila semina, wasikie na waulize. Pili, wafadhili waturuhusu kuhamisha sehemu ya fedha za posho na ukumbi ziwe mtaji mdogo wa vikundi, pamoja na daftari la mapato na matumizi litakalokaguliwa kila mwezi. Tatu, tukubaliane kwamba kikundi kilichofunga biashara nacho kiandikwe katika taarifa, pamoja na sababu zake.

Najua taarifa ya namna hiyo itakuwa na idadi ndogo, na pengine haitapendeza kuisoma. Lakini kijana wetu hahitaji cheti kingine cha kuweka kwenye bahasha. Anahitaji kujaribu akiwa bado na watu wa kumshika mkono.