JUDO YA WAZEE



Juma hili naomba tuzungumze habari za magoti. Najua wapo watakaosema mzee huyu ameishiwa, amemaliza bei ya unga na taabu ya maji, sasa kageukia viungo vya mwili. Lakini hebu niambieni, ni nyumba gani isiyokuwa na mtu anayeinuka kitini kwa kushika meza na kumtaja Mola wake? Msikitini viti vya wasioweza kusujudu vinaongezeka mstari wa nyuma. Kanisani padri akisema tupige magoti, nusu ya wazee wanainamisha kichwa tu, na Mungu anaelewa.

Mimi nitaliendea jambo hili kwa kupitia Japani. Ni mbali kidogo, lakini njia yenyewe sisi wa rika langu tulianza kuiona hapa hapa Dar es Salaam, katika sinema za Empire, Avalon na Cameo, miaka ile ya 1970 Bruce Lee alipotutia wazimu. Tulitoka pale tukirusha mateke mpaka Kariakoo. Kilichotuingia ni lile teke. Hatukuwa na habari kwamba mwaka 1970 mtu yule aliumia mgongo akinyanyua vyuma, akalala miezi kadhaa, na waganga wakamwambia kurusha mateke basi tena. Alipokuwa kitandani alisoma na kuandika madaftari kwa madaftari. Zile picha zote zilizotutoa jasho alizicheza baada ya hapo, na mgongo wake haukupata kupona sawasawa mpaka alipofariki Julai 1973, akiwa na miaka 32.

Sasa, miaka 32 siyo uzee. Tumwache apumzike, twende kwa mwalimu wa shule.

Huyo ni Jigoro Kano, aliyezaliwa mwaka 1860. Alikuwa mdogo wa umbo, na shuleni wenye miili walimwonea. Akatafuta wazee waliokuwa bado wanajua mieleka ya kale ya Kijapani, akajifunza kwao, akachuja. Mwaka 1882 akafungua chuo chake ndani ya hekalu moja la Tokyo, mahali padogo pa mikeka 12 tu. Mchezo wake akauita judo, yaani njia ya ulaini.

Ulaini gani huo, wakati watu wanabwagana chini? Kano alikuwa akieleza kwa hesabu. Tuseme nguvu za adui yako ni 10, na zako ni 7. Akikusukuma nawe ukakaza, utashindwa tu, hata ukaze meno. Lakini akisukuma nawe ukarudi nyuma kwa kiasi kile kile anachosukuma, huku umejishika vizuri, yeye ndiye atayumba. Akishayumba, zile 10 zake hazipo tena, huenda zimebaki 3. Wewe 7 zako unazo zote.

Nimeitafakari sana hesabu hii, kwa sababu maumivu ya uzeeni ndiye adui wa 10. Huna nguvu za kumsukuma. Na sisi huku tuna namna mbili tu za kupambana naye, zote mbovu. Ya kwanza ni kukaza: mwanaume halii, unabeba gunia vile vile ulivyolibeba ukiwa na miaka 30, mpaka siku unaanguka sokoni. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Ya pili ni kujilaza: goti linauma, basi unaketi barazani, maji unaletewa, mchana hadi jioni. Baada ya miezi michache misuli ya paja iliyokuwa ikilishikilia lile goti imenywea, na maumivu yamezidi. Kurudi nyuma kwa Kano siyo kukaza wala kujilaza. Ni kusogea kwa kipimo, macho wazi, mguu umekanyaga.

Mwanafunzi mmoja wa Kano aliyelionyesha hili kwa maisha yake yote ni mwanamke, Keiko Fukuda. Babu yake ndiye aliyekuwa mmoja wa walimu wa kwanza wa Kano mwenyewe. Bi Fukuda alizaliwa mwaka 1913, alikuwa mfupi kama mtoto wa shule ya msingi, na alianza judo mwaka 1935. Kwa miaka mingi wanawake hawakuruhusiwa kupita dani ya 5, kwa sababu ya uanawake wao tu. Alingoja. Mwaka 1966 akahamia Marekani, akafundisha mjini San Francisco, na mwaka 2011, akiwa na miaka 98, chama cha judo cha huko kikampa dani ya 10. Alifariki mwaka 2013, akibakiza miezi miwili tu atimize 100, na alikuwa amefundisha karibu mpaka mwisho. Alichobobea ni ule mtindo wa judo unaochezwa polepole, ambao mtu ananyanyuliwa lakini habwagwi. Mnaona? Mwili ulipokataa kubwaga, ilikuwapo judo iliyobaki, nayo ilikuwa judo kamili.

Lakini mwili ni nusu ya habari. Maumivu yanakaa pia kichwani, na hapo Wajapani wana mtu mwingine, mtawa aliyeitwa Takuan, aliyefariki mwaka 1645. Huyu alimwandikia rafiki yake, fundi mkubwa wa upanga, kumweleza kwamba akili haitakiwi kusimama mahali. Ukiutazama upanga wa adui na akili yako ikasimama pale, basi mkono wako nao umesimama, na umekwisha kufa. Uone upanga, lakini usigande hapo.

Mwenye goti bovu anajua kuganda ni nini. Mimi naishi ghorofani, na ngazi nazishuka kila siku. Zamani nilikuwa nikizishuka kwa hasira, nimebana pumzi, akili yote imesimama gotini. Siku hizi nashusha mguu huku natoa pumzi, na najiuliza maswali ya kijinga: linauma wapi hasa, ndani au nje? Linachoma au linavuta? Na nyayo yangu inasikia nini? Na ule upepo wa baharini shingoni? Goti linauma vile vile, sitawadanganya. Ila nimegundua kwamba kumbe haliumi muda wote. Hatua tatu linachoma, ya nne limenyamaza. Mtu aliyebana pumzi hawezi kuijua ile ya nne.

Mafundisho ya kale ya Kibuddha yana mfano wa mishale miwili. Mshale wa kwanza ni maumivu yenyewe, hayo yatakuja. Wa pili tunajichoma wenyewe. Kwangu mimi wa kwanza ni goti. Wa pili ni haya ninayojisimulia saa tisa usiku: habari yangu imekwisha, kesho nitashindwa kwenda chooni peke yangu, watoto wataanza kuniangalia kama mzigo na kunong'ona jikoni. Mshale huu wa pili, ndugu zangu, ndio unaonitoa machozi. Goti halijapata kunitoa machozi.

Mwaka 1979 Mmarekani mmoja, Jon Kabat-Zinn, aliyewahi kufundishwa na walimu wa Zen, alianzisha mafunzo katika hospitali ya chuo kikuu kule Massachusetts. Alipokea wagonjwa wa maumivu ya kudumu ambao madaktari walikuwa wamewafikia mwisho. Aliwafundisha kukaa, kupumua na kuyatazama maumivu bila kuyakimbia. Leo mafunzo hayo yamezagaa hospitali nyingi duniani. Na mwaka 2016 madaktari wa Boston walitoa matokeo ya wagonjwa 204 wenye magoti yaliyolika: wengine walifanya tai chi, ule mchezo wa Kichina wa mapigano unaochezwa polepole, mara mbili kwa juma kwa majuma 12, wengine wakapelekwa kwa wataalamu wa mazoezi ya viungo. Pande zote mbili zilipata nafuu iliyokaribiana.

Nafuu, nimesema. Gegedu iliyolika hairudishwi na pumzi, na anayekuuzia maneno hayo shika mfuko wako. Goti likivimba ghafla, likiwa la moto, ukipata homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na zile diklofenaki tunazonunua dukani na kuzimeza miezi mfululizo kama karanga zinaumiza tumbo na figo, na zinapandisha shinikizo la damu. Muulize daktari.

Jambo la mwisho. Somo la kwanza la judo, kabla ya mtu kufundishwa kumwangusha mwenziwe, ni kuanguka: kukunja kidevu, kulegeza mwili, kujiviringisha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na wanaokufa zaidi ni sisi tuliopita miaka 60. Kujiviringisha sikushaurini, labda mbele ya mwalimu, juu ya mkeka. Mimi nimeanza na bafuni. Nimemwita fundi anifungie bomba la chuma ukutani, la kushikia. Kijana akapima, akajikuna, akaniuliza, "Babu, bomba lenyewe halipitishi maji, ni la nini?" Nikamwambia ni la judo. Akanitazama kidogo, kisha akatoboa ukuta.