Kinga ya Kifaranga Inajengwa Ndani ya Yai



Kideri kikiua kuku waliochanjwa, lawama humwangukia mchanjaji au muuza dawa. Leo naomba tuzitazame zile siku 21 ambazo mtetea anaatamia, kwani viungo vya kuipokea chanjo huumbwa humo.

Kilicho muhimu kuliko vyote ni kifuko cha Fabricius, kilicho ndani ya mwili, juu ya tundu la haja. Huanza kuchomoza kiinitete kikiwa na siku tano hivi. Kati ya siku ya 8 na ya 15, seli changa husafiri kwa damu na kuingia humo, zikakomaa kuwa seli B, yaani watengenezaji wa kingamwili. Fabricius, mwalimu wa Padua, Italia, alikieleza katika kitabu kilichochapwa mwaka 1621, lakini kazi ya kifuko hicho haikujulikana mpaka mwaka 1956, Bruce Glick na wenzake huko Ohio, Marekani, walipoonyesha kwamba kuku waliotolewa kifuko hicho wangali wachanga hushindwa kutengeneza kingamwili.

Kiungo cha pili ni thaimasi, iliyojipanga pande zote mbili za shingo; hupokea seli zake kwa awamu, ya kwanza karibu siku ya 6. Humo hukomaa seli nyingine za kinga, ziitwazo seli T. Wengu nao huanza mapema, ila hukomaa baada ya kuanguliwa.

Kifaranga basi hutoka na kifuko na thaimasi tayari, lakini askari wake bado wachache. Kwa wiki zake za mwanzo hutegemea kingamwili alizozipata kwa mama kupitia kiini cha yai. Mtetea asiyechanjwa wala kuwahi kuambukizwa hana cha kumpa.

Hapa ndipo ugonjwa wa gumboro unapotuumiza. Virusi vyake hushambulia seli B ndani ya kile kifuko. Kifaranga wa wiki tatu hadi sita huugua waziwazi. Aliyeambukizwa kabla ya hapo huweza kuonekana mzima kabisa huku kifuko chake kimeharibika. Kesho ukimdondoshea tone la chanjo ya kideri jichoni, mwili wake hauitikii vya kutosha. Chanjo ya kideri ya I-2 inastahimili joto na inatufaa sana vijijini, lakini haiwezi kurudisha kifuko kilichokwisha kuharibiwa.

Na mayai yenyewe? Hapa kwetu Mkata kuna joto. Yai likikaa kwenye nyuzi 27 au zaidi, kiinitete huanza kukua ovyo kabla ya kuatamiwa, kikadhoofika au kufa. Kuyaweka chini ya bati la moto ni kuharibu mwanzo.

Nawaomba basi: mayai ya kutotolesha yakae mahali penye ubaridi, yasizidi wiki moja; mitetea ichanjwe kabla ya kutaga; na maafisa ugani, mnapopanga ratiba ya kideri, ulizeni kwanza kama gumboro imepita katika banda hilo.