Orodha Isomwe Hadharani
Hotuba kwa viongozi wa walei na wajumbe wa kamati za haki na amani



Sisi tunaojitolea kutetea haki vijijini na mitaani hatuna cheo wala mshahara. Hata hivyo, Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, katika ibara ya 21, inampa kila raia haki ya kushiriki katika maamuzi yanayohusu maisha yake na Taifa lake. Basi tunaposema juu ya sera, hatuombi fadhila. Tunatimiza wajibu.

Leo tutazame jambo moja tu: matibabu ya wazee. Mwaka 1993 nchi yetu ilianza utaratibu wa wananchi kuchangia gharama za matibabu katika hospitali za serikali. Ili maskini wasiachwe nje, uliwekwa msamaha. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 na Sera ya Afya ya 2007 zikatamka kwamba wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Maneno hayo ni mema, lakini mzee hupata msamaha akiisha kutambuliwa, na utambuzi huanzia pale anapoishi na kujulikana. Kwa asiyeandikwa, sera ni mvua inayonyesha ng'ambo ya mto. Hata Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 haiondoi swali hilo, kwa maana asiye na uwezo hana budi kutambuliwa kwanza ndipo agharimiwe.

Hapa yatupasa kukiri kosa letu. Katika kijiji kimoja tulitaka kusaidia upesi. Tukaandika majina sisi wenyewe na kumpelekea mtendaji. Baadaye mama mmoja mjane akatuuliza: "Wanangu, mlipita kwa majirani zangu wote, mbona kwangu hamkubisha hodi?" Mama yule hakuwa wa dhehebu letu. Tulikuwa tumefuata njia ya jumuiya zetu, tukawaandika tunaowafahamu. Tulikosa la kumjibu.

Tulirudi nyuma tukaanza upya. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 imeupa mkutano wa kijiji mamlaka ya juu katika mambo ya kijiji, na kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wake. Tukaomba orodha isomwe huko. Kwa kuwa wapo wazee wanaoona haya kutajwa kuwa maskini mbele za watu, tuliwatembelea kwanza nyumbani, tukaomba ridhaa yao. Siku ya mkutano, majina yaliyosahauliwa yaliongezwa, na wawili wenye mali wakaondolewa kwa kauli ya majirani zao. Mama yule naye akaandikwa.

Kazi haikuishia hapo, kwani kitambulisho hakitibu pasipo dawa. Kila mzee alipoambiwa akanunue dawa nje, tuliandika, kwa idhini yake, tarehe na aina ya dawa, tukapeleka kwenye kamati ya zahanati na kwa diwani. Manung'uniko ya kilabuni hupeperushwa na upepo, bali kumbukumbu iliyoandikwa hudai jibu.

Ndugu zetu, tuazimie mambo matatu. Kwanza, tuijue sera kabla ya kuisemea. Pili, tusiseme kwa niaba ya watu ambao hatujawasikiliza. Tatu, utetezi wetu usiwe ngazi ya kupandia siasa, wala usibague dini au ukoo.

Tukirudi katika jumuiya zetu, tuulizane: Ni mzee yupi katika kitongoji chetu ambaye jina lake halimo? Nani atakwenda kumbishia hodi wiki hii?