Mwizi Hajui Alichobeba: Wizi wa Vifaa vya Mionzi Vinavyohamishika



Kipimo cha mshindilio wa barabara wengi wenu mmekishika. Kwenye ncha ya fimbo yake mna sesiamu-137, na ndani ya mwili wake amerisiamu-241 pamoja na beriliamu, ya kupimia unyevu. Fimbo ikiwa imerudishwa na kufungwa, fundi hukibeba bila madhara. Mwizi akikikuta nyuma ya pikapu anaona sanduku lenye kufuli, na kufuli humwambia kuna mali.

Nchini Marekani, mamlaka ya nyuklia ilikuwa ikipokea taarifa za wizi wa vipimo hivi takriban 50 kwa mwaka, vingi vikiibwa garini. Mwaka 2005 ikaweka kanuni: kifaa kisicho na mtu wa kukiangalia kizuiwe kwa vizuizi viwili visivyotegemeana. Ni kanuni nzuri, lakini funguo zote mbili zikiachwa ndani ya gari, haimlindi mtu.

Jambo linalonisumbua zaidi ni saa zinazofuata wizi. Wenye kifaa huogopa kupoteza leseni, na huanza kukitafuta kimyakimya. Kinyume chake, Aprili 2015 kamera ya iridiamu-192, ile ya kukagulia maungio ya mabomba, iliibwa garini katika jimbo la Tabasco, Meksiko. Serikali ilitoa tahadhari katika majimbo 5, na kamera ikapatikana kabla ya mwezi huo kwisha.

Misri, mwaka 2000, chanzo cha iridiamu kilipotea, hakikuibwa, karibu na kijiji cha Meet Halfa. Mkulima mmoja aliokota kipande cha chuma, akakiona cha thamani, akaenda nacho nyumbani. Familia ikaishi nacho. Mwanawe wa miaka 9 aliugua ngozi, na mwanzoni ikadhaniwa ni maambukizi ya kawaida. Juni alifariki, na baba yake akafuata siku chache baadaye. Hakuna aliyewaambia walichokuwa nacho. Kijiji kingepata habari mapema, kingekiogopa kile chuma.

Kwa hiyo tangazo liandikwe kwa ajili ya mwizi na jirani yake: picha ya kifaa, alama ya mionzi, maneno “usifungue, usivunje, sogea mbali”, na namba ya simu. Vitisho vya kifungo visubiri, kwa sababu humfanya mwizi akitupe mtoni au akiuze haraka.

Na soko lake ni chuma chakavu. Vyanzo 2 vya mionzi vya kupimia visima vya mafuta vilivyoibwa Naijeria mwishoni mwa 2002 vilionekana mwaka uliofuata Ujerumani, ndani ya shehena ya chuma chakavu. Napendekeza kila stoo ya mradi iwe na orodha ya wanunuzi wa vyuma chakavu wa eneo lake, na jina la mtu mmoja mwenye ruhusa ya kuwapigia simu, polisi na Tume ya Nguvu za Atomiki usiku uleule, bila kusubiri idhini ya makao makuu.