Kwa Nini Naipenda Mashine ya Kwanza

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, katika bwalo la shule.)



Katibu aliponiandikia nije niseme machache, alinisihi nisiguse siasa wala michango ya paa la bweni, kwa kuwa mambo hayo yana wasemaji wake. Basi nimechagua jambo ambalo huenda mtaliona dogo, nalo ni mchezo wa mashine. Nataka kueleza kwa nini mpaka leo naupenda mchezo wa Pac-Man wa kwanza, wa mwaka 1980, kuliko Ms. Pac-Man uliofuata mwaka 1982, ambao huko Marekani ulipendwa mno. Ni ubishi niliokuwa nao na mwenzangu mmoja wa darasa letu kwa karibu miaka 40. Yeye hayupo tena, nami sipendi kushinda ubishi kwa sababu tu mpinzani wangu amenyamaza. Kwa hiyo nitajitahidi kuzitoa hoja zake kama ambavyo angezitoa mwenyewe.

Tulitoka hapa pamoja, tukapata nafasi za masomo katika jimbo la Massachusetts. Jioni tuliosha sahani katika jiko la chuo kwa dola 3 na senti 35 kwa saa. Karibu na kituo cha treni palikuwa na ukumbi wa mashine za michezo, na kila mchezo ulikuwa senti 25. Saa moja ya masufuria, basi, ilikuwa michezo 13 na salio la senti 10. Hesabu hiyo tuliijua vizuri kuliko zile tulizopelekwa kujifunza.

Kwa vijana ambao hawakuiona mashine hiyo: mchezo ulibuniwa Japani na Toru Iwatani wa kampuni ya Namco. Unaongoza kiduara cha manjano chenye mdomo, kipite katika vichochoro kikila nukta 240 ndogo na 4 kubwa. Vizuka vinne vinakuwinda. Ukila nukta kubwa, vinageuka rangi na kukukimbia kwa muda mfupi, kisha vinarudi kukuwinda.

Mwanzoni nililiwa mapema sana. Nikachukua daftari la miraba, nikachora vichochoro vyote, nikaandika njia ya kupita kona kwa kona, nikaishika kwa moyo. Njia ilifanya kazi, nikaanza kujisifu. Mwenzangu akacheka. "Bwana wee, wewe huchezi," akasema, "unakariri." Neno hilo liliniuma, kwa maana ndilo walimu wa shule hii walilotukaripia nalo.

Jumamosi moja nilichelewa kidogo kukata kona. Njia yangu yote ikaharibika. Vizuka havikuwa mahali ambapo daftari lilisema vitakuwa, na mara nikaliwa. Nilisimama pale kama mwanafunzi aliyekariri jibu la swali la 3 akaulizwa swali la 4.

Jioni ile sikutoa senti nyingine. Nilisimama nyuma ya wachezaji wengine, nikakitazama kizuka kimoja kimoja. Kile chekundu hukufuata pale pale ulipo. Cha waridi hakikufuati. Kinalenga miraba minne mbele yako, kwa kuwa kazi yake ni kukukata njia. Cha rangi ya chungwa huja kwa ukali, lakini kikifika umbali wa miraba minane hivi hugeuka na kushika njia ya pembe yake ya chini kushoto. Cha samawati kilinisumbua kwa majuma mengi, kwa sababu huangalia wewe ulipo na pia chekundu kilipo, kwa hiyo huwezi kukielewa kikiwa peke yake. Tena vyote hupumzika. Katika hatua ya kwanza hutawanyika sekunde 7, kisha huwinda sekunde 20. Tarakimu hizi nilizipata miaka mingi baadaye, watu walipoichambua programu yenyewe. Pale ukumbini nilikuwa na macho yangu na kuhesabu kimoyomoyo.

Jambo kubwa ni kwamba hakuna bahati nasibu pale. Hata vizuka vinapokimbia ovyo, ukirudia sawasawa yale uliyoyafanya jana, navyo vitarudia mbio zile zile. Ukiliwa, umeliwa kwa kosa lako.

Mwaka 1982 ikaja mashine mpya. Waliouanzisha mchezo huo walikuwa vijana wa pale pale Massachusetts, baadhi yao waliwahi kusoma MIT. Walianza kwa kuurekebisha Pac-Man, kisha wakaipelekea kazi yao kampuni ya Midway, iliyokuwa ikiutoa Pac-Man kwa Marekani. Sasa vichochoro vilikuwa vya namna nne, matunda yalitembea, na mwendo wa vizuka ukatiwa kubahatisha. Watu walijazana hapo, na mashine ya kwanza ikasukumwa mpaka karibu na mlango wa choo. Mimi nikasema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Mwenzangu akanijibu kwamba methali si hoja.

Naye alikuwa na hoja. Alisema: "Mchezo huu daftari lako halifui dafu. Kila mara lazima ufikiri upya. Dunia ndivyo ilivyo." Ndugu zangu, alisema kweli. Mchezo wa pili una vichochoro vizuri zaidi, nao humzuia mtu kukariri. Anayesema ni mchezo mbaya hajaucheza.

Baadaye yeye akawa daktari, mimi nikawa fundi wa mitambo ya umeme, na kila mmoja akaona kwamba kazi yake imempa ushindi. Aliniandikia: "Wagonjwa wangu hawafuati daftari." Nikamjibu kwamba jenereta iliyozimika saa nane usiku haina ukaidi. Ina sababu, na sababu hiyo itaningoja mpaka niifikie. Subira hiyo niliipata mbele ya mashine ya kwanza.

Lakini nitawaambia sababu yangu hasa, ambayo yeye sikumwambia kwa miaka mingi. Katika mchezo wa pili, kila nilipoliwa palikuwa na mlango mdogo wa kutorokea, nao ni kusema "bahati mbaya." Wako watu wanaouona mlango huo wasiupite. Mwenzangu alikuwa mmoja wao. Mimi ninajijua: naupita mbio. Mashine ya kwanza iliniziba mlango huo, na ndiyo maana naipenda.

Mwaka 2019 nilikwenda kumtazama, safari hii yeye ndiye akiwa kitandani. Nikamwambia sababu hiyo. Akatabasamu, akasema, "Umesahau hatua ya 256."

Nieleze. Mashine ile huhifadhi namba ya hatua katika nafasi ndogo ambayo haiwezi kupita 255. Mchezaji hodari akifika hatua ya 256, nusu ya kulia ya kioo hujaa herufi na tarakimu zilizovurugika, na hatua hiyo haimaliziki. "Hata mashine yako ya haki ina mwisho," akasema. "Hapo anayevijua vizuka na asiyevijua ni sawasawa."

Siku ile sikuwa na jibu. Tukanywa chai, tukazungumza habari za watoto. Hatukuonana tena.

Jibu ninalo leo, ingawa limechelewa. Ni kweli, mwisho uko. Lakini kabla yake kuna hatua 255, na katika hizo zote aliyejifunza na asiyejifunza si sawa. Naye alilijua hilo. Wagonjwa walimjia bila mpangilio, lakini kila usiku alisoma.

Ninyi vijana, sikuja kuwachagulia mchezo. Mtakaposhindwa mtihani, nawaomba jambo moja tu: kabla hamjasema bahati mbaya, jiulizeni kama mlijifunza tabia za vizuka au mlikariri njia. Na katika darasa lenu, mkimpata mtu wa kuwapinga kwa hoja, msimwachie. Mimi nilimpata hapa, katika bwalo hili, meza ya tatu kutoka dirishani.