Oke yako ni oke gani?

Maneno yaliyosemwa na mmoja wa wanachama, mwalimu wa masomo ya jioni, katika mkutano wetu wa kila mwezi, Nyawera

 

Komite imeniomba niseme kidogo juu ya neno moja: oke. Najua wengine wamecheka. Wamesema, mwalimu amekosa somo, oke kila mtu anaijua. Njo shida yenyewe. Neno ambalo kila mtu analijua, hakuna anayeuliza maana yake.

Angalieni sisi wenyewe. Waliokuwa Tanzania, Nyarugusu ao Lugufu, wamerudi na «haya» na «poa». Waliokuwa Uganda wamerudi na «kale». Wa Bujumbura wanasema «ego». Watoto wa shule wanajibu «d'accord». Lakini wote tumerudi na oke, hata bibi asiyejua neno lingine la Kiingereza.

Neno hili halina siri kubwa. Lilizaliwa kwa mzaha. Mwaka 1839, huko Boston, Marekani, waandishi wa magazeti walikuwa wanapenda kufupisha maneno kwa herufi, tena herufi za makosa makusudi. «Yote sahihi» kwa Kiingereza ni «all correct». Wao wakaandika «oll korrect», kisha wakabakiza O na K. Mwaka 1840 watu wa rais Martin Van Buren wakazitumia herufi hizo katika kampeni, kwa sababu alikuwa anaitwa Old Kinderhook, yaani mzee wa Kinderhook, mahali alipozaliwa. Uchaguzi alishindwa, herufi zikabaki. Kwa hiyo neno tunalolitumia kufunga mambo makubwa lilianza kama utani wa gazeti.

Sasa linabeba mizigo mingi. Mimi nimehesabu saba.

Ya kwanza: nimesikia. Mtu anaongea, wewe unasema oke, oke, sawa vile tunasema «eeh» ku simu. Ya pili: nimeelewa. Ya tatu: niko mzima. «Umeanguka, uko oke?» Ya nne: si mbaya. «Chakula cha arusi kilikuwa oke», maana yake hakikuwa kitamu sana. Ya tano: ruhusa. Mtoto anauliza kama anaweza kutoka, unamwambia oke. Ya sita: nakubali, niko ndani, nitatoa. Ya saba: haya basi, tumalize, nimechoka kubishana.

Kiswahili chetu kina neno kwa kila mzigo. Kuitika ni kujibu mtu aliyekuita. Umesema tu «niko hapa». Kukubali ni kupokea jambo. Kuridhia ni kukubali na moyo ukiwamo. Kuruhusu, ao kutoa idhini, ni kazi ya mwenye mamlaka juu ya kitu. Kuthibitisha ni kusema jambo ni kweli, hata kama halikupendezi. Kupitisha ni kazi ya mkutano, si ya mtu mmoja. Lakini hapa kwetu Bukavu tunachanganya: mtu aliyekubali, tunasema «ameitika». Kumbe kuitika na kukubali viko mbali kama Nyawera na Uvira.

Niwaambie mambo yangu mwenyewe. Kambini, siku ya kuandikisha jamaa kwa safari ya kurudi, mtu wa ofisi alinieleza kwa Kiingereza, mkalimani akafupisha. Kila akimaliza anauliza: «Okay?» Na mimi: «Oke.» Mara nne, mara tano. Moyoni nilikuwa nasema: nakusikia, endelea. Yeye kwenye karatasi akaandika: amekubali. Moja kati ya zile oke ilikuwa juu ya mtoto wa marehemu ndugu yangu, kwamba atasafiri na orodha nyingine kwa sababu jina lake halikuwa kwenye karatasi ya nyumba yetu. Nilielewa siku ya kupanda bato. Sisi tulivuka ziwa, mtoto alibaki miezi mitano kwa majirani.

Hakuna aliyenidanganya. Mkalimani alikuwa amechoka. Na mimi niliona haya kuuliza mbele ya watu: mwalimu mzima, aseme hajaelewa! Wazee walisema kuuliza si ujinga. Mimi nilifundisha watoto methali hiyo miaka mingi, siku ile nikaisahau.

Sasa tuje hapa ndani. Munajua kuna jambo limetusumbua tangu mwezi uliopita. Sitaji majina, na wenyewe wamenipa ruhusa, si oke, ruhusa, ya kulisema. Kijana mmoja aliomba mkopo wa dola mia mbili. Sekretere akamupigia mama mmoja simu: «Mama, huyu kijana unamujua? Utamusimamia, oke?» Mama akajibu: «Oke.» Kitabu kikaandikwa kwamba mama ni mdhamini, ule tunaita «aval». Kijana ameshindwa kulipa, na sasa inasemwa feza itoke kwenye akiba ya mama.

Mama anasema: «Miye nilisema ndiyo namujua. Sikusema nitamulipia.» Sekretere anasema: «Nilimuuliza, akajibu.» Wote wawili wanasema kweli. Mmoja aliitika, mwingine akasikia kukubali.

Kuna aliyeniambia: mwalimu, tukimuachilia huyu mama, kesho kila mdaiwa atasema «oke yangu ilikuwa ya kusikia tu». Ni neno la kweli, na nimelifikiria sana. Lakini nauliza: kama tuliandika kitu kisichoeleweka, nani alipe? Mama anauza ndizi soko, akiba ile ni ada ya shule ya watoto. Neno lenye maana saba haliwezi kuchukua feza ya mtu. Mimi naona hasara ya safari hii tuibebe sote kwa kisanduku cha msaada, huku kijana akiendelea kudaiwa. Makosa yalikuwa ya utaratibu wetu.

Na kwa kesho, napendekeza mambo matatu.

Moja. Anayeuliza asimalize na «oke?». Aseme: «Mama, rudia kwa maneno yako, utafanya nini kama huyu hatalipa?» Akijibu «nitalipa miye», hapo amekubali. Akinyamaza ao akicheka, hajakubali bado.

Mbili. Katika kitabu cha mkutano, neno oke lisiandikwe tena. Sekretere aandike: amesikia, ao ameelewa, ao amekubali, ao ametoa ruhusa. Achague moja, kisha asome kwa sauti mbele ya mwenyewe.

Tatu. Mambo ya feza yasifanyike ku simu. Mtu afike, asomewe karatasi kwa luga anayoisikia vizuri, iwe Kiswahili, Mashi, Kifuliiru ao Kibembe. Munajua kwenye karatasi za Kifaransa tunaandika «lu et approuvé» juu ya sinyatire. Maana yake ni «nimesoma na nimekubali». Ni mambo mawili, si moja. Wengi wetu tunaandika la pili bila kufanya la kwanza. Asiyejua kuandika atie kidole, na shahidi amchague yeye mwenyewe, si komite.

Mtasema itachukua wakati. Ndiyo, itachukua. Mkopo mmoja utakula nusu saa badala ya dakika mbili. Lakini mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lenye oke tupu ni sawa na hakuna daftari.

Nimemaliza. Prezida ataomba kura. Nawaomba kitu kimoja: anayekubali ainue mkono na aseme «nakubali». Asiyekubali aseme «hapana», hakuna atakayemwangalia vibaya. Na aliyesikia tu, ambaye bado anafikiri, aseme «nimesikia, munipe siku». Hilo nalo ni jibu.