Bandari na Haki ya Wasioiona Bahari



Nimeombwa nizungumze juu ya bandari, nami najua kwamba wengi wenu mmetoka parokia zilizo mbali na bahari. Hata hivyo bandari ya Dar es Salaam inawahusu. Mbolea ya mkulima wa Ruvuma hupita huko, na mafuta ya lori linalobeba mahindi yake pia. Shaba ya Zambia na ya Kongo husafirishwa kutoka huko. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ilikusudiwa kuipatia Zambia njia isiyotegemea Rhodesia wala Afrika Kusini ya makaburu.

Meli ikicheleweshwa kupakuliwa, mwenye meli hudai malipo kwa kila siku iliyozidi. Mwagizaji huyaingiza katika bei ya jumla, mwenye duka naye vivyo hivyo, hadi yamfikie mama anayenunua kilo moja ya ngano kijijini. Huyo hana wa kumtwika. Hivyo uzembe wa gatini, au rushwa ya karani mmoja, hugeuka kodi ambayo Bunge halikuipitisha.

Nabii Ezekieli, sura ya 27, anaziorodhesha bidhaa za Tiro kana kwamba ni karani wa forodha. Anataja fedha, chuma, bati, ngano na asali kutoka Yuda. Na humo humo anataja wanadamu. Katika sura ya 28, Tiro inashtakiwa kwa kiburi chake na kwa udhalimu wa biashara yake.

Wafanyakazi wa bandari yetu waliujua udhalimu huo. Septemba 1947 makuli wa Dar es Salaam waligoma wakidai ujira bora, na mgomo ukaifuata reli hadi Morogoro, Dodoma na Tabora. Papa Leo XIII alikwisha kufundisha mwaka 1891, katika Rerum Novarum, kwamba ujira lazima umtoshe mfanyakazi kuishi.

Juni 2023 Bunge liliridhia makubaliano ya bandari kati ya Tanzania na Dubai. Tarehe 18 Agosti, Baraza la Maaskofu Katoliki lilitamka kuwa haliyaungi mkono, kwa kuwa wananchi walio wengi hawakuyataka. Hata hivyo, tarehe 22 Oktoba mikataba na kampuni ya DP World ilitiwa saini, ya miaka 30, ikihusu gati namba 4 hadi 7, nayo Serikali ikaeleza kwamba utendaji utapimwa kila miaka mitano.

Mimi sidhani kwamba kila mwekezaji mgeni ni mnyonyaji, na kreni hazinunuliwi kwa maneno. Lakini kipimo kinachosomwa na wakubwa peke yao hakimsaidii yule mama wa ngano. Kwa hiyo naziomba kamati zenu zimwandikie mbunge wa jimbo, kwa adabu na kwa maandishi, zikiuliza mambo matatu. Vipimo hivyo ni vipi? Matokeo yake yatatangazwa wapi? Na vibarua wa gatini wanalindwa na kifungu gani? Barua itiwe saini na wanakamati wote, na nakala ibaki parokiani.